Biashara ya kaboni: Mkulima wa Kabras atavuna nini?

MSAFIRI anayetoka mjini Kakamega kuelekea Webuye hupita katikati ya bahari ya miwa. Mashamba yamefuatana pande zote mbili za barabara, na matrekta yanayovuta matela yaliyosheheni miwa hugombea njia na matatu na bodaboda. Hapa ndipo Kabras, katika eneobunge la Malava, ambako viwanda viwili vya sukari, West Kenya na Butali, vimekuwa vikishindania muwa wa mkulima mdogo tangu Butali ilipofungua milango yake mwaka wa 2011.

Mkulima huyo amezoea kuuza kitu kinachoonekana. Muwa hupimwa kwenye mizani, mahindi kwa gorogoro na maziwa kwa lita. Katika miaka ya hivi karibuni, hata hivyo, wakulima wa magharibi mwa Kenya wamekuwa wakielezwa kwamba kuna zao jingine shambani mwao ambalo halionekani kwa macho wala halishikiki kwa mkono. Zao hilo ni kaboni inayohifadhiwa udongoni na ndani ya miti, na wanunuzi wake wako Ulaya na Marekani.

Ni habari inayovutia masikio. Lakini kabla mkulima hajatia kidole gumba kwenye karatasi yoyote, ni muhimu ajue anauza nini, kwa nani, kwa bei gani na kwa muda gani. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na hakuna mali inayohitaji daftari kuliko hii isiyoonekana.

Biashara yenyewe

Mmea unapokua huvuta gesi ya kaboni kutoka hewani, ukaitumia kujenga shina, majani na mizizi. Majani hayo yakiachwa yaoze shambani, sehemu ya kaboni hiyo huingia udongoni na kukaa humo. Yakichomwa, karibu yote hurudi hewani siku hiyo hiyo kwa njia ya moshi.

Kwa hivyo mkulima anayetandaza majani badala ya kuyachoma, anayetengeneza mboji, anayepanda miti kati ya mimea yake na kupunguza kulima kwa kina, anaweza kuongeza kaboni katika shamba lake. Ongezeko hilo hupimwa au kukadiriwa, hukaguliwa na wataalamu wasiohusika na mradi, kisha hutolewa vyeti. Cheti kimoja huwakilisha tani moja ya gesi ya kaboni.

Kampuni ya ng'ambo inayotoa moshi mwingi hununua vyeti hivyo na kudai kwamba uchafu wake umefidiwa na mkulima wa Afrika. Huo ndio msingi wa biashara nzima. Anayechafua hulipa, na anayesafisha hulipwa. Swali ni kama malipo hayo humfikia anayesafisha, na kama usafishaji wenyewe ni wa kweli.

Majirani walitangulia

Kabras haihitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Katika kaunti jirani ya Bungoma, na vilevile Siaya na Kisumu, shirika la Vi Agroforestry kutoka Uswidi lilianzisha Mradi wa Kaboni ya Kilimo Kenya likishirikiana na Mfuko wa BioCarbon wa Benki ya Dunia. Mkataba wa kununua kaboni ulitiwa saini Novemba 2010. Mradi ulilenga wakulima wapatao 60,000 katika hekta 45,000 za mashamba madogo.

Januari 2014 mradi huo uliandika historia kwa kuwa wa kwanza duniani kupewa vyeti vya kaboni chini ya utaratibu mpya wa kupima kaboni katika mashamba yanayolimwa kwa njia endelevu. Vyeti hivyo vilikuwa vya tani 24,788. Kenya ilisifiwa kote duniani, na wengi wakaamini kwamba mkulima mdogo amepata mlango mpya wa kuingilia katika soko la dunia.

Lakini hebu tuitazame hesabu. Benki ya Dunia ilikusudia kununua tani 150,000 kwa bei ya takriban dola 4 kila tani, yaani jumla ya dola 600,000. Gawanya kiasi hicho kwa wakulima 60,000 na kila mmoja atapata dola 10 kwa miaka yote ya mkataba, kabla ya gharama zozote kukatwa. Hata kama waliojiunga wangekuwa nusu ya hao, mgao wa kila mmoja ungekuwa dola 20. Haya ni malipo ya miaka mingi yasiyotosha kununua mbuzi mmoja.

Wakosoaji hawakunyamaza. Taasisi ya IATP ya Marekani ilichapisha ripoti mwaka wa 2011 ikisema ahadi za mradi huo zilikuwa ngumu kutimizwa, na kwamba gharama za kuuandaa na kuupima zingewanufaisha wataalamu kuliko wakulima.

Waliouanzisha walikuwa na jibu, na ni haki kulisikiliza. Walisema tangu mwanzo kwamba pesa za kaboni hazikuwa lengo kuu, bali mavuno. Benki ya Dunia iliripoti kwamba mavuno ya wakulima waliofuata mbinu hizo yalipanda kwa kati ya asilimia 15 na 20. Ikiwa hivyo ndivyo, basi faida ya kweli ilikuwa ghalani, na cheti kilikuwa nyongeza tu.

Hesabu ya ekari mbili

Tuchukue mkulima wa Kabras mwenye ekari mbili, ambazo ni kama hekta 0.8. Tuseme anaongeza tani moja ya gesi ya kaboni kwa kila hekta kwa mwaka. Hicho ni kiasi cha kukisia ili hesabu ieleweke. Kwa mwaka mzima atakuwa amehifadhi tani 0.8.

Miradi hii huweka kando sehemu ya vyeti kama akiba ya tahadhari, endapo kaboni itapotea baadaye. Tuseme asilimia 20 imewekwa kando. Anabaki na tani 0.64. Kwa bei ya dola 10 kila tani, ambayo ni zaidi ya maradufu ya bei ya mradi wa Bungoma na Kisumu, atapata dola 6.40. Kwa kiwango cha Sh129 kwa dola, hizo ni takriban Sh826. Nusu ikikatwa kulipia ukaguzi, usajili na wasimamizi, mkononi zitamfikia Sh413 kwa mwaka.

Mfuko wa mbolea ya ruzuku wa kilo 50 uliuzwa kwa Sh2,500 baada ya serikali kupunguza bei mwaka wa 2023. Kwa hivyo pesa za kaboni za mwaka mzima hazitoshi kununua hata robo ya mfuko mmoja.

Sasa tutazame upande wa pili. Ikiwa mkulima huyo hupata magunia 10 ya mahindi kwa ekari, na mboji na matandazo yakaongeza mavuno kwa asilimia 15, basi katika ekari mbili ataongeza magunia matatu. Kwa bei ya Sh4,000 kwa gunia la kilo 90, ambayo serikali ilitangaza mwaka wa 2023, hizo ni Sh12,000.

Tofauti kati ya Sh413 na Sh12,000 ndiyo kiini cha makala haya. Anayemwendea mkulima kwa hadithi ya utajiri wa kaboni anamdanganya. Anayemwendea kwa hadithi ya udongo wenye rutuba anamwambia ukweli, mradi asifiche kwamba mboji na matandazo vina kazi nyingi, na kwamba kazi hiyo aghalabu huwaangukia akina mama.

Udongo una siri zake

Kuna suala jingine linalofaa kuwatia wasiwasi wanunuzi wenyewe. Je, udongo wa magharibi mwa Kenya unaweza kuongeza kaboni kweli?

Msitu wa Kakamega, ambao ni mabaki ya mwisho nchini Kenya ya msitu mkubwa wa mvua uliowahi kuenea kutoka Afrika ya Kati, unatufundisha jambo. Watafiti waliolinganisha udongo wa ndani ya msitu na ule wa mashamba yaliyofyekwa katika vipindi mbalimbali, huko Kakamega na Nandi, waligundua kwamba ardhi ikianza kulimwa mfululizo hupoteza sehemu kubwa ya kaboni yake, na upotevu mkubwa zaidi hutokea katika miongo ya mwanzo. Mashamba mengi ya Kabras yamelimwa kwa vizazi kadhaa. Ni kama akaunti ya benki ambayo babu alitoa, baba akatoa na mwana anaendelea kutoa.

Kwa upande mmoja, hiyo ina maana kwamba akaunti ina nafasi ya kujazwa tena. Kwa upande mwingine, majaribio ya muda mrefu yaliyofanywa na watafiti wa taasisi ya CIAT katika Kaunti ya Siaya kuanzia mwaka wa 2003 yalitoa majibu yasiyofurahisha. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2018 yalionyesha kwamba hata pale samadi ilipotumiwa na mabaki ya mimea kuachwa shambani, udongo uliendelea kupoteza kaboni. Kilichobadilika ni kwamba ulipoteza polepole kuliko pale ambapo hakuna kilichofanywa.

Hilo si jambo dogo, kwani kupunguza hasara nako ni faida. Lakini ni tofauti na kumwambia mnunuzi wa London kwamba tani fulani za kaboni zimeondolewa hewani na kufungiwa Kabras. Ikiwa vyeti vinategemea hesabu za kompyuta pekee bila udongo kuchimbwa na kupimwa maabarani, iko siku mkaguzi mkali atakuja na kukuta ghala tupu. Siku hiyo atakayelaumiwa ni mkulima, ingawa hesabu haikuwa yake.

Miwa na mahindi si hali moja

Miradi mingi ya kaboni ya kilimo imeundwa kwa kufikiria shamba la mahindi na maharagwe. Kabras ni nchi ya miwa, na miwa ina tabia zake.

Muwa hupandwa mara moja na kuvunwa mara kadhaa, kwani huchipuka tena baada ya kukatwa. Udongo haulimwi kila msimu, na mizizi hubaki ardhini. Hilo ni jambo jema kwa kaboni. Aidha, majani makavu yanayobaki baada ya mavuno ni mengi, na yakipangwa katikati ya mistari huhifadhi unyevu, huzuia magugu na hatimaye huwa chakula cha udongo.

Kwa bahati mbaya, majani hayo mara nyingi huchomwa. Wapo wanaochoma ili ukataji uwe rahisi, na wapo wanaochoma baadaye ili kusafisha shamba. Kuna pia visa vya moto unaowashwa na watu wasiojulikana, ambapo mkulima hulazimika kuvuna muwa ambao haujakomaa kwa sababu muwa uliochomeka hupoteza sukari upesi. Mkulima wa aina hiyo akiwa ameahidi kuhifadhi kaboni, nani atabeba hasara yake? Mkataba wowote wa haki sharti ujibu swali hili waziwazi.

Kuna pia mbolea. Mbolea ya naitrojeni ikizidi kiasi hutoa gesi ya nitrasi oksaidi, ambayo kwa mujibu wa jopo la wanasayansi wa Umoja wa Mataifa, katika ripoti ya 2021, huongeza joto duniani mara 273 kuliko uzani sawa wa gesi ya kaboni katika kipindi cha miaka 100. Kilo chache za gesi hiyo zinaweza kufuta kazi ya tani nzima ya kaboni iliyohifadhiwa kwa jasho. Anayehesabu kaboni ya udongo bila kuhesabu mbolea anahesabu kwa jicho moja.

Juu ya hayo kuna misukosuko ya sekta yenyewe. Mwaka wa 2023 serikali ilisimamisha shughuli za kusaga miwa kwa miezi kadhaa kwa sababu muwa uliokomaa ulikuwa umeadimika na viwanda vilikuwa vikigombania muwa mchanga. Mkulima asiyejua kama muwa wake utavunwa mwezi huu au mwaka ujao atawezaje kuahidi jinsi shamba litakavyokuwa baada ya miaka 20?

Funzo la Mumias

Wapo watakaosema kwamba biashara ya kaboni si ngeni katika nchi ya miwa, nao watakuwa wamesema kweli. Kampuni ya Sukari ya Mumias, katika kaunti hii hii ya Kakamega, ilisajili mradi wake wa umeme wa megawati 35 chini ya utaratibu wa Mkataba wa Kyoto mwaka wa 2008. Umeme huo ulizalishwa kwa kuchoma makapi ya miwa iliyokamuliwa, na takriban megawati 26 zilikusudiwa kuuzwa katika gridi ya taifa.

Wazo lilikuwa zuri. Kila kizio cha umeme wa makapi kilipunguza haja ya kuchoma mafuta, na upungufu huo wa moshi ungeweza kuuzwa. Lakini makapi hayo yalitoka wapi, kama si katika muwa wa mkulima? Mkulima alilipwa kwa tani ya muwa aliyopeleka kiwandani. Umeme, na kaboni iliyotokana na umeme, vilihesabiwa kuwa mali ya kiwanda. Malalamiko ya wakulima wa miwa kwamba hawapati sehemu yao ya mazao yatokanayo na muwa, mbali na sukari, ni ya miaka mingi.

Kisha Mumias yenyewe ikaporomoka. Septemba 2019 benki ya KCB iliiweka chini ya meneja mrasimu kwa sababu ya madeni, na mwishoni mwa 2021 ikakodishwa kwa kundi la Sarrai. Mradi wa kaboni haukuweza kukiokoa kiwanda kilichokuwa kikizama.

Mafunzo hapa ni mawili. Kwanza, kaboni haiponyi biashara iliyo mgonjwa. Pili, pasipo maandishi yanayosema kaboni ni ya nani, itakuwa ya yule mwenye wakili. Swali hili lina uzito hata zaidi baada ya serikali kuvikodisha viwanda vinne vya umma, kikiwemo cha Nzoia, kwa kampuni za kibinafsi kwa miaka 30 mwaka wa 2025. Kiwanda kikimsaidia mkulima kuacha kuchoma majani, je, kaboni inayohifadhiwa ni ya kiwanda au ya mwenye shamba?

Sheria ina pengo

Bunge lilijaribu kuweka utaratibu. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ilifanyiwa marekebisho na Rais William Ruto akayatia saini Septemba 1, 2023, siku chache kabla ya Kongamano la Tabianchi Afrika kufunguliwa Nairobi. Kanuni za masoko ya kaboni zikafuata mwaka wa 2024.

Sheria hiyo inataka miradi ya ardhi iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia baada ya gharama kuondolewa. Inataka pia kuwe na mkataba wa maendeleo ya jamii, na sajili ya taifa ya miradi yote. Ni hatua ya kupongezwa.

Lakini msomaji makini ataona jambo. Masharti ya mkataba wa jamii yameelekezwa kwa miradi iliyo katika ardhi ya umma na ardhi ya jamii. Mashamba ya Kabras kwa sehemu kubwa ni ardhi ya kibinafsi, yenye hatimiliki ya mtu mmoja mmoja. Hapo mkulima analindwa zaidi na mkataba atakaotia saini kuliko na asilimia 40 ya sheria. Mkataba ukiwa mbaya, sheria haitamfidia.

Aidha, maneno "baada ya gharama kuondolewa" yana tumbo kubwa. Gharama zikiongezwa, mgao hupungua bila sheria kuvunjwa. Kwa kulinganisha, mradi wa TIST, ambao huwalipa wakulima wadogo wa maeneo ya Mlima Kenya kwa miti wanayopanda na kutunza, umejulikana kwa kuahidi asilimia 70 ya faida kwa wakulima. Kumbe inawezekana kuomba zaidi ya kiwango cha chini.

Somo jingine limetoka kaskazini. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii katika Kaunti ya Isiolo, Biliqo Bulesa na Cherab, zilianzishwa kinyume cha sheria bila wananchi kushirikishwa ipasavyo. Biliqo Bulesa ilikuwa sehemu ya mradi mkubwa wa kaboni ya udongo wa malisho. Wafugaji ndio waliokwenda mahakamani. Asiyekuwepo na lake halipo, nao walikataa kuhesabiwa kuwa hawakuwepo.

Ardhi ya marehemu

Katika Kabras kuna tatizo ambalo halionekani katika ripoti za kimataifa, ingawa kila mzee wa mtaa analijua. Mashamba mengi bado yameandikishwa kwa jina la babu aliyefariki zamani. Wana na wajukuu wamegawana kwa mdomo, kila mmoja analima kipande chake, lakini hatimiliki ni moja na mwenyewe yuko kaburini.

Nani atatia saini mkataba wa kaboni wa miaka 20 juu ya shamba la namna hiyo? Kaka mkubwa akisaini peke yake, je, ameifunga familia nzima? Mjane anayelima na kutandaza majani kila msimu, jina lake halimo popote. Pesa zikija zitatumwa kwa simu ya nani?

Halafu kuna kubanana. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, Kaunti ya Kakamega ilikuwa na watu 1,867,579, zaidi ya 600 katika kila kilomita mraba. Shamba la leo kesho litagawanywa kwa wana wanne, nyumba zitajengwa na miti itakatwa. Huo si uovu, ni maisha. Mkataba usioruhusu maisha kuendelea ni mnyororo.

Mnunuzi naye anatazamwa

Soko lenyewe limeyumba. Mwanzoni mwa 2023 gazeti la The Guardian la Uingereza na wenzake walichapisha uchunguzi uliodai kwamba sehemu kubwa ya vyeti vya misitu ya mvua vilivyoidhinishwa na shirika la Verra haikuwa na thamani kwa mazingira. Verra ilipinga matokeo hayo, lakini imani ya wanunuzi ilitikisika. Mkulima aliyeahidiwa bei fulani hana uwezo wa kudhibiti upepo wa aina hiyo.

Kuna pia hesabu ya taifa. Mwaka wa 2020 Kenya iliahidi kupunguza gesi chafu kwa asilimia 32 kufikia 2030, ikilinganishwa na hali ambayo ingekuwapo bila hatua kuchukuliwa. Chini ya Mkataba wa Paris, ambao kanuni zake za soko zilikamilishwa Baku Novemba 2024, tani ambayo serikali imeidhinisha kuhamishiwa taifa jingine haiwezi kuhesabiwa tena nyumbani. Kwa maneno mengine, tukiuza tani rahisi za mkulima kwa bei ya chini leo, kesho tutalazimika kutafuta tani ghali ili kutimiza ahadi yetu wenyewe.

Nini kifanyike

Haya yote hayamaanishi kwamba Kabras iifunge milango. Udongo umechoka, mvua hazitabiriki na mbolea ni ghali. Msaada wowote wa kurudisha rutuba unafaa kupokelewa, ukiwemo ule unaolipiwa na kaboni. Lakini upokewe kwa masharti.

Kwanza, mkataba uandikwe kwa Kiswahili na kufafanuliwa kwa Kikabras katika baraza, mkulima akipewa muda wa kwenda nyumbani kutafakari. Lugha ya mawakili wa ng'ambo isiwe mtego.

Pili, wakulima wajadiliane wakiwa pamoja kupitia vyama vya ushirika. Mtu mmoja mwenye tani 0.64 hana sauti mezani. Watu elfu tano wanayo.

Tatu, pale ambapo malipo ni Sh413 kwa mtu, ni heri yasisambazwe kama makombo. Yakiwekwa pamoja yanaweza kununua mashine ya kukatakata majani ya miwa, kuanzisha kitalu cha miche au kuajiri afisa wa kilimo wa nyanjani. Haba na haba hujaza kibaba, lakini sharti kibaba kiwe kimoja.

Nne, gharama za mradi ziwekewe kikomo na zichapishwe kila mwaka, pamoja na bei ambayo cheti kiliuzwa hatimaye. Mkulima wa miwa ameteseka vya kutosha kwa mizani asizoziamini. Asiongezewe nyingine isiyoonekana.

Tano, Bunge lizibe pengo linalomwacha mwenye shamba la kibinafsi bila ulinzi sawa na ule wa jamii, na sheria iseme wazi kwamba kaboni ya udongo ni ya anayeutunza udongo, isipokuwa ameiuza kwa hiari yake. Serikali ya Kaunti ya Kakamega nayo isaidie familia kukamilisha kesi za urithi kabla wafanyabiashara wa kaboni hawajafika na fomu zao.

Sita, mkulima ambaye amekuwa akitandaza majani na kupanda miti tangu zamani asiachwe nje. Taratibu nyingi hulipa mabadiliko mapya tu, kiasi kwamba aliyeharibu jana na kutubu leo hulipwa, ilhali aliyetunza siku zote huambulia patupu. Huo ni uchumi unaofundisha tabia mbaya.

Anayetaka kujua kama mradi wa kaboni unamfaa anaweza kujiuliza swali moja jepesi: kama pesa za kaboni zisingekuja kamwe, je, ningeendelea kulima hivi? Ikiwa jibu ni ndiyo, kwa sababu mavuno yamepanda na udongo unashika maji, basi aingie, na cheti kiwe ziada. Ikiwa jibu ni la, ajue kwamba anaifanyia kazi kampuni ya mbali kwa ujira wa Sh413 kwa mwaka.

Baba na babu walitoa katika akaunti ya udongo kwa sababu hawakuwa na njia nyingine. Kizazi hiki kinaweza kuanza kurudisha, na kikipata mtu wa kuchangia gharama, ni heri. Ila kitabu cha akaunti hiyo kibaki nyumbani, mikononi mwa anayelima.